Kungoja Mjane Afe: Wosia wa Mkulima wa Mount Vernon

Hotuba niliyoitoa kwenye kikao cha jamaa zetu wanaoishi kaskazini mwa Virginia. Nimeinyoosha hapa na pale ili isomeke.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na vijana mliokaa kule nyuma karibu na chai: shikamooni, na habari za jioni.

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie wosia. Najua sababu. Tumezika, na baada ya kuzika tumeona watoto wa mama mmoja wakipelekana mahakamani kwa sababu marehemu hakuacha hata karatasi moja. Nilipokuwa natafuta pa kuanzia, nikakumbuka kwamba wosia mmoja ninaoufahamu vizuri uliandikwa hapa hapa jirani, na mpaka leo karatasi zake zinatunzwa na mahakama ya kaunti ya Fairfax, hiyo hiyo ambayo baadhi yetu tunaiendea kwa shughuli zetu. Ni wosia wa mkulima. Jina lake mnalo mfukoni, kwenye noti ya dola moja: George Washington.

Msishangae nikimwita mkulima. Urais alikaa miaka minane, ujenerali miaka minane na ushei, lakini shamba lilikuwa kazi yake toka ujana hadi wiki aliyokufa. Pale Mount Vernon alikuwa na ardhi ya ekari karibu 8,000, ameigawa mashamba matano. Alianza na tumbaku, akaona inamaliza udongo na kumzamisha kwenye madeni ya wafanyabiashara wa London, akahamia ngano. Uzeeni akaongeza kiwanda cha wiski, ambacho mwaka 1799 kilitoa karibu galoni 11,000. Na jambo la kusikitisha lililomfunga maisha yote ni kwamba yeye na Martha hawakujaaliwa mtoto. Martha alikuja na wawili wa mume wake wa kwanza, na wote wawili wakafa kabla ya Washington.

Basi hebu tumwone anavyogawa. Lakini kwanza turudi nyuma kidogo, tuone yeye mwenyewe alivyogawiwa, maana ndipo penye siri ya wosia wake.

Baba yake, Augustine, alifariki mwaka 1743. George alikuwa na miaka 11. Kwa desturi ya Virginia ya siku zile wana wakubwa ndio waliotangulizwa: Lawrence, mtoto wa mke wa kwanza, akapata ardhi iliyokuja kuitwa Mount Vernon, Augustine mdogo akapata mashamba ya Westmoreland. George, wa tatu kwa wana na wa kwanza kwa mke wa pili, akaachiwa shamba la kando ya mto Rappahannock, linaloitwa leo Ferry Farm, pamoja na watu kumi. Nasema watu kumi. Mtoto wa miaka 11 alirithi binadamu kumi kama mwingine anavyorithi mbuzi.

Lawrence akafa mwaka 1752 kwa kifua kikuu. Wosia wake ulisema hivi: Mount Vernon iende kwa binti yake mchanga, binti akifa bila mtoto, mjane wangu Anne aitumie maisha yake yote, Anne akifa, iwe ya ndugu yangu George. Mtoto akafa mwaka 1754. Anne alikuwa ameshaolewa tena na kuhama. Kwa hiyo George akawa mpangaji wa shemeji yake kwenye nyumba ambayo siku moja ingekuwa yake, akilipa kila mwaka ratili 15,000 za tumbaku au thamani yake kwa fedha. Akailipa kodi hiyo mpaka mwaka 1761 Anne alipofariki. Siku hiyo ndipo Mount Vernon ikawa mali yake.

Naomba mkishike hicho. Huyu ni mtu aliyejua kwa miaka kama saba maana ya kungoja mali inayofunguka kwa kifo cha mjane. Hakufanya ubaya wowote, sheria ndivyo ilivyokuwa. Ardhi haina haraka. Ardhi ikingoja haiumii.

Sasa tuje kwenye karatasi zenyewe. Tarehe 9 Julai 1799, Washington akiwa na miaka 67, aliuandika wosia kwa mkono wake, kurasa 29, kwenye karatasi zake nzuri. Kila ukurasa aliutia saini chini, isipokuwa mmoja aliousahau. Na kwenye tarehe ya mwisho, mzee huyu aliyepima ardhi za watu na kuandika hesabu za shamba hadi senti, aliacha neno: aliandika mwaka elfu moja mia saba na tisini, akasahau kumalizia tisa. Mimi kosa hilo linanigusa kila nikilifikiria, maana linaonyesha mkono uliochoka, usiku pengine, peke yake. Na alikuwa peke yake kweli: ameandika humo humo kwamba hakumshirikisha mwanasheria yeyote, na kwamba kazi hiyo ilimchukua saa nyingi za faragha.

Anaanza na madeni: yalipwe, ni machache na si makubwa. Kisha Martha. Martha anaachiwa matumizi ya karibu mali yote maisha yake yote. Vyombo vyote vya nyumbani na vya jikoni, pamoja na vinywaji na vyakula vitakavyokutwa ghalani siku ya kifo, hivyo ni vyake kabisa, afanye apendavyo. Napenda mstari huo wa ghala. Waume wengi huwaza mashamba wakasahau kwamba kesho yake asubuhi mjane ataamka na atahitaji sukari.

Nyumba ya Mount Vernon yenyewe, na zaidi ya ekari 4,000 kuizunguka, akampa Bushrod, mtoto wa ndugu yake John Augustine, lakini baada ya Martha kufa. Mnaona? Anne amerudi kwa jina lingine. Sababu ya kumchagua Bushrod kaieleza mwenyewe: zamani, wakati wa vita vya Waingereza na Wafaransa, yeye na John Augustine wakiwa bado hawajaoa, John Augustine ndiye aliyemtunzia shamba, na Washington akamdokezea kwamba nikifa vitani hapa pawe pako. Hakufa vitani. Zilipita zaidi ya miaka 40, John Augustine mwenyewe alishazikwa, na lile neno la vijana wawili likalipwa kwa mtoto.

Wengine nitawapitia haraka. Wajukuu wawili wa Martha, Nelly na George Washington Parke Custis, aliwalea nyumbani kwake kama wanawe, na wote wakapata ardhi. Nelly na mumewe Lawrence Lewis, ambaye naye alikuwa mpwa wa Washington, wakapewa karibu ekari 2,000 pamoja na kinu na kile kiwanda cha wiski. Yatima wawili wa mpwa mwingine wakapata ardhi ya shamba la mtoni, ekari zaidi ya 2,000. Watoto wawili wa marehemu Samuel, ndugu yake, aliokuwa amewasomesha kwa karibu dola 5,000, akawasamehe deni lote. Shule ya watoto maskini na yatima mjini Alexandria akaiachia hisa za benki zenye thamani ya dola 4,000. Wapwa watano akawaachia kila mmoja upanga, achague kwa zamu, kwa sharti kwamba wasiuchomoe kumwaga damu ila kwa kujilinda au kuitetea nchi na haki zake. Ndugu yake wa mwisho aliyebaki, Charles, akampa fimbo yenye kichwa cha dhahabu aliyorithi kwa Benjamin Franklin. Charles akafa Septemba, miezi miwili baadaye, hata kabla ya mwenye wosia.

Mali iliyobaki, hasa ardhi kubwa za magharibi kando ya mito Ohio na Kanawha, alisema iuzwe na fedha igawanywe mafungu 23. Aliambatisha orodha, kila kiwanja na bei yake, jumla dola 530,000. Na kwa kuwa aliwajua binadamu, aliweka kipengele ambacho ningependa kila mmoja wetu akiige: ukizuka ubishi juu ya maneno yangu, kila upande uteue mtu mmoja mwadilifu, hao wawili wamteue wa tatu, na watakaloamua liwe la mwisho kana kwamba limetoka Mahakama Kuu ya Marekani. Wazee watatu chini ya mti, kwa lugha yetu. Hata hivyo hesabu za mirathi hiyo zilifungwa mwaka 1847. Miaka 47 na zaidi! Anayedhani wosia mzuri unamaliza kazi ndani ya mwezi mmoja, aikumbuke tarehe hiyo.

Hayo yote ni ya ardhi na vitu. Sasa nataka tukae mahali pamoja, na samahani kama nitachelewesha chakula.

Mara tu baada ya fungu la Martha, kabla ya Bushrod, kabla ya panga na fimbo, Washington ameweka aya ndefu kuliko nyingine nyingi. Inasema: mke wangu akifariki, ni wosia na matakwa yangu kwamba watumwa wote nilio nao kwa haki yangu mwenyewe wapate uhuru wao.

Mwaka huo Mount Vernon ilikuwa na watu 317 katika utumwa. Wake mwenyewe 123. Wa kukodi kutoka kwa wenye mashamba wengine, kama 40. Waliobaki, 153, hawakuwa wake wala wa Martha. Na hapa inabidi niwaeleze sheria, kwa sababu bila sheria hii hamtaelewa maumivu.

Mume wa kwanza wa Martha, Daniel Parke Custis, tajiri mkubwa, alikufa mwaka 1757 bila wosia. Narudia kwa ajili ya wale wanaoniambia kila siku kwamba wosia ni uchuro: bila wosia. Sheria ikaingia. Ikampa mjane theluthi moja ya mali aitumie maisha yake yote, na akifa irudi kwa warithi wa Custis. Ndugu zetu Waislamu wasiichanganye na theluthi wanayoijua wao, ile ambayo mtu haruhusiwi kuusia zaidi yake. Hii ni nyingine: ni fungu la mjane, analila lakini haliuzi, hampi mtu, halifungulii mlango. Ndani ya theluthi hiyo walikuwemo watu zaidi ya 80. Na sheria ya Virginia tangu mwaka 1662 ilikuwa inasema mtoto hufuata hali ya mama yake. Mama akiwa wa fungu la mjane, watoto wake wote ni wa fungu la mjane, hata baba akiwa wa Washington, hata baba akiwa mtu huru. Kwa njia hiyo wale 80 na kitu wakawa 153 kufikia mwaka 1799.

Katika ile miaka 40, watu wakaishi. Wakaoana. Nani anaoa kwa kuangalia daftari la mirathi? Isaac, fundi seremala, alikuwa wa Washington. Mkewe Kitty, aliyeshughulikia maziwa, alikuwa wa fungu la mjane, kwa hiyo mabinti zao wote ni wa fungu la mjane. Washington aliyajua haya kwa majina. Kiangazi kile kile cha wosia alikaa na kuandika orodha ya kila mtu kwenye mashamba yake: jina, kazi, na mume au mke ni nani na ni wa upande upi. Ukiitazama orodha hiyo unaona mstari mmoja umechorwa katikati ya chumba cha kulala cha watu.

Kwa hiyo anaeleza katika wosia kwa nini hawaachi huru siku ile ile atakapokufa yeye. Anasema angependa kwa dhati, lakini kwa kuwa wamechanganyika kwa ndoa na wale wa fungu la mjane, kuwaachia wakati Martha yu hai kungeleta machungu makali mno. Hana mamlaka juu ya wale wengine. Kisha anaongeza masharti, na ni masharti ya mtu aliyefikiri. Wazee na wagonjwa walishwe na kuvishwa na warithi wangu maisha yao yote. Watoto wasio na wazazi wafundishwe kusoma, kuandika na kazi ya mikono mpaka wafike miaka 25. Mtu asiuzwe wala kupelekwa nje ya Virginia kwa kisingizio chochote. Na anawaapiza wasimamizi wake kwamba kipengele hiki kitimizwe bila kukwepa, bila kupuuza na bila kuchelewesha.

Mmoja tu alipewa uhuru papo hapo: William Lee, aliyemnunua mwaka 1768 na aliyepanda farasi ubavuni mwake vita vyote vya uhuru. Magoti yake yote mawili yalikuwa yameshavunjika katika ajali, kutembea hawezi. Wosia unampa dola 30 kila mwaka hadi kufa, na hiari ya kuondoka au kubaki. Akabaki Mount Vernon, akishona viatu.

Namheshimu Washington kwa aya hiyo. Kati ya marais wa mwanzo waliomiliki watumwa, huyu aliamua na akaandika. Lakini ndugu zangu, ile ‘bila kuchelewesha’ imewekwa ndani ya sentensi ambayo yenyewe ni ya kuchelewesha. Alichukua kanuni ya ardhi, ile ile aliyoiishi yeye kama mpangaji wa shemeji yake, akaiweka juu ya watu. Na watu si ardhi. Watu 123 waliambiwa kwamba kati yao na uhuru wao amesimama bibi kizee mmoja aliyelala ghorofani.

Tarehe 14 Desemba mwaka huo huo, 1799, koo likiwa limemvimba baada ya kuzunguka shambani kwenye theluji na mvua, Washington alimwita Martha kitandani. Akamwambia ashuke ofisini, alete wosia mbili zilizo kwenye meza. Akazitazama, akamrudishia mmoja akisema haufai tena, auchome. Martha akautia motoni, mwingine akauhifadhi. Usiku ule mzee akafa. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo maisha ya watu 123 yalipita karibu na moto kiasi hicho.

Habari haikukaa sirini. Wosia ulichapishwa ukasomwa nchi nzima. Kwenye nyumba ile, kila aliyepika, aliyefua, aliyekoka moto chumbani kwa Martha, alijua kwamba siku mama huyu akikata roho, nusu ya jamaa wanakuwa huru. Mke wa Rais Adams, Abigail, alimtembelea Desemba 1800, akaandika kwamba Martha hakujiona salama mikononi mwao. Sina ushahidi kwamba kuna aliyemgusa, wala sidhani. Lakini hebu jiwekeni mahali pa kila mmoja ndani ya nyumba ile: mjane anayehesabu pumzi zake, na watu ambao hawawezi kumtakia maisha marefu bila kujitakia utumwa mrefu. Hicho ndicho kipengele kile kilichofanya. Mwezi huo huo Martha akatia saini hati, na tarehe 1 Januari 1801 watu wa Washington wakawa huru.

Isaac huru. Kitty bado, na mabinti bado.

Wapo waliohama. Wapo waliobaki kando ya shamba kwa sababu mke au watoto walikuwa ndani, wakifanya kazi ya ujira pale pale walipokuwa watumwa. Wasimamizi waliwalipia wazee matunzo mpaka mwaka 1833, na kwa hilo wapewe haki yao.

Martha alifariki tarehe 22 Mei 1802. Fungu la mjane likafunguka. Wajukuu wake walikuwa wanne, na watu wakagawanywa mafungu manne, kila fungu likaenda nyumba yake. Hapo ndipo ndoa zilipokatwa hasa, na ndugu wakatenganishwa. Kulikuwa na mmoja aliyeona mapema: Ona Judge, aliyekuwa msichana wa chumbani kwa Martha, alitoroka Philadelphia mwaka 1796 alipojua kwamba atapewa mjukuu mkubwa, Elizabeth, aliyekuwa ameolewa. Akaishi New Hampshire mpaka kufa kwake mwaka 1848, na kwa sheria ya fungu la mjane alikufa bado mali ya warithi wa Custis, yeye na watoto aliowazaa huko.

Na Bushrod, aliyepata nyumba, alikuja na watumwa wake mwenyewe. Mwaka 1821 aliuza watu 54 wakapelekwa Louisiana.

Limebaki jambo moja, halafu tule. Watu hunikatiza hapa wakisema, Martha angefanya nini, wale hawakuwa wake. Ni kweli kwa wale 153. Lakini alikuwa na mtu mmoja aliyemnunua mwenyewe, wake peke yake, jina lake Elish. Wala hakuna mjane wa kungojwa hapo, wala warithi wa Custis wa kufidiwa. Tarehe 4 Machi 1802, wiki 11 kabla ya kufa, Martha aliongeza maneno machache kwenye wosia wake, na Elish ametajwa humo. Anampa mjukuu wake George Washington Parke Custis, awe wake yeye na warithi wake milele.